Sanduku la kaseti na santuri za zilipendwa: naanzia wapi kuzihamishia kwenye kompyuta?

GitaaKavu

Wakuu heshima kwenu, na watu wa zilipendwa heshima mara mbili.

Kuna sanduku hapa lina kaseti kama 60 na santuri 22. Karibu zote ni muziki wa dansi wa nyumbani, miaka ya 60 mpaka 80, pamoja na chache za akina Wanyika wa Nairobi. Kaseti nyingi zilirekodiwa redioni na hazina majina ya kueleweka. Moja imeandikwa "Msondo na mchanganyiko", basi. Mbili utepe umekatika, na nyingine ikizunguka inalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Santuri 19 ni zile ndogo zenye tundu kubwa katikati. Tatu ni nene na nzito, ukizigonga kwa ukucha zinalia kama sahani ya udongo.

Nataka zote ziingie kwenye kompyuta. Nimejaribu kuchomeka waya kutoka tundu la hedifoni la redio kaseti kwenda tundu la maiki la laptop. Sauti imetoka imepasuka, nzito, na inasikika upande mmoja tu. Naomba utaratibu kwa anayeijua kazi hii: mashine gani, nisafishe kwa kitu gani, nirekodi kwa kiwango gani. Na nitatambuaje nyimbo zisizo na majina? Sitaki kubandika jina la bendi ya Sikinde kwenye wimbo wa bendi ya Msondo halafu humu ndani mnitoe roho.

FundiKaseti

Mkuu, laptop iache kwanza. Shika kila kaseti utazame mgongo wake, ukingo ulio mkabala na mahali utepe unapoonekana. Kuna vijilango viwili vya plastiki pembeni. Vivunje vyote kwa ncha ya bisibisi kabla kaseti haijaingia kwenye mashine yoyote. Vikiwepo, mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi kimakosa anafuta. Vikivunjwa, kitufe hakishuki. Hili lifanye leo hii, mengine yanaweza kusubiri.

Kuhusu sauti kupasuka: tundu la maiki kwenye laptop nyingi ni la mono, na ndani yake kuna kikuza sauti kilichotengenezewa maiki dhaifu. Ukilimwagia sauti ya hedifoni linazidiwa. Tafuta kifaa cha sauti cha USB chenye matundu yaliyoandikwa LINE, halafu utoe sauti kwenye deki (mashine ya mezani ya kucheza kaseti) kupitia matundu mawili ya nyuma, jekundu na jeupe. Tundu la hedifoni litumie pale tu mashine isipokuwa na hayo, na sauti iwe kama theluthi moja.

Redio kaseti ya mkononi haifai kwa kazi hii. Mota yake inayumba, na ukisikiliza saksafoni iliyoshikilia noti ndefu utasikia inatetemeka kama mtu anayeimba juu ya lori kwenye barabara ya vumbi. Tafuta deki ya mezani iliyotumika, lakini kabla ya kulipa mwambie muuzaji aifungue uone mikanda ya mpira. Mpira wa zamani ama umelegea ama umeyeyuka ukawa kama lami. Ukiwa umeyeyuka, mikanda mipya peke yake haitoshi. Ile lami lazima ifutwe yote kwenye magurudumu, la sivyo mkanda mpya utateleza.

Usafi wa mashine: spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na vijiti vya pamba. Spiriti ya rangi ya zambarau ya jikoni usiitumie, inaacha utando. Futa hedi (kile kichwa kinachosoma utepe), kisha kijiti cha chuma kinachozunguka, halafu roli ya mpira. Kwenye roli usizidishe spiriti maana inakausha mpira. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kidogo kinatosha, na kikauke kabla ya kutumia. Kaseti za zamani humwaga unga wa kahawia, kwa hiyo rudia usafi kila baada ya kaseti tano au sita. Sauti ikianza kufifia katikati ya wimbo usilaumu kaseti, tazama hedi kwanza.

Sasa kaseti yenyewe. Iliyokaa miaka mingi usiibonyeze icheze moja kwa moja. Kwanza izungushe kwa penseli raundi chache uone kama inakwenda. Ikienda, ipeleke mpaka mwisho kwa mashine, uirudishe mwanzo, ndipo usikilize. Tabaka zilizoshikana zinaachana taratibu. C60, yaani kaseti ya dakika 60, inavumilia hayo yote kwa sababu utepe wake una unene wa kama mikroni 18. C90 ni kama 12, nayo inahitaji upole. C120 ni kama 9 tu. Hiyo usiikimbize kabisa, iache icheze kwa mwendo wa kawaida upande mzima, kisha uigeuze.

Zile mbili zilizokatika zinaungwa kwa tepu maalumu ya kaseti yenye upana wa milimita 3.81. Kata ncha zote mbili kwa mshazari, zilaze zikutane bila kupandana, bandika tepu upande wa mgongo, yaani ule unaotazama ndani ya kaseti, si ule unaogusa hedi. Selotepu ya dukani usiithubutu. Gundi yake inatambaa, inashika tabaka la juu, na mwezi ujao utaivuta ikukate sehemu nyingine.

Inayolia kama bawaba tatizo lake mara nyingi liko kwenye ganda kuliko kwenye utepe. Fungua skrubu tano, ikiwa imelala mezani na lebo ikitazama juu. Ukiinua ganda la juu usitikise. Angalia kama karatasi laini za pande mbili zimekunjamana, kama roli ndogo za pembeni zimekwama, na kama kile kisponji chenye kitambaa nyuma ya utepe bado kipo. Kisponji kikibanduka, sauti inakuwa ya mbali na inapanda na kushuka. Suluhisho ni kuchukua kaseti mpya ya bei nafuu, kutoa utepe wake, na kuhamishia ule wa zamani kwenye ganda hilo. Ganda lisilo na skrubu limegundishwa. Hilo linapasuliwa kwa kisu chembamba kwenye mshono, na hutalitumia tena.

Kuna jambo moja watu wengi hawalijui. Kila mashine iliyorekodi kaseti hizo ilikuwa na hedi yenye mwinamo wake. Ukicheza kwenye deki yako bila kulinganisha, matoazi na kayamba vinapotea, unabaki na muziki wa chini ya blanketi. Pembeni mwa hedi kuna skrubu mbili. Moja ina springi au imepakwa rangi. Kaseti ikiwa inacheza, sauti ikiwa mono, vaa hedifoni na uizungushe hiyo skrubu kidogo kidogo, isizidi robo raundi kila upande, mpaka sauti ya juu ifunguke ghafla. Utaijua tu. Fanya hivyo kwa kila kaseti. Dolby, ile swichi ya kupunguza kelele ya utepe, izime, maana redio kaseti za kurekodia nyumbani hazikuwa nayo, na ukiiwasha unakata sauti ya juu bure.

Kurekodi: biti 24, kHz 48, faili la WAV. Kilele cha sauti kiishie kati ya -12 na -6 dB. Usikaribie sifuri kwa sababu matarumbeta yakiingia kwa pamoja yanaruka juu kuliko ulivyopima kwenye sauti ya mwimbaji. Kila dakika ni kama MB 17, kwa hiyo C60 moja ni GB 1 na kidogo. Sanduku lako lote linaingia kwenye diski ya GB 128, ila weka diski mbili, na zisikae nyumba moja. MP3 tengeneza baadaye kwa ajili ya WhatsApp.

Sindano78

Fundi kamaliza upande wa kaseti. Mimi nazungumzia santuri, nikianza na hizo tatu nzito, maana hapo ndipo watu wanaharibu.

Hizo ni za mzunguko wa 78, na malighafi yake ni shelaki, si plastiki ya vinili. SPIRITI ISIZIGUSE. Shelaki inayeyuka kwenye spiriti. Ukifuta mara moja tu, mifereji imekwisha. Zioshe kwa maji yaliyochujwa na tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji, lebo ukiifunika kwa kiganja au kifuniko cha plastiki. Dakika moja inatosha, kisha zikaushwe zikiwa zimesimama. Zisilowekwe. Na zishikwe kwa mikono miwili, maana ikidondoka vinakuwa vipande.

Mifereji ya 78 ni mipana. Sindano ya kawaida ya vinili ina ncha kama mikroni 18 hadi 25, na ikiingia humo inaogelea sakafuni kwenye uchafu, unasikia mchanga mtupu. Unahitaji sindano ya 78, kama mikroni 65 hadi 75. Kama mashine yako haina mwendo wa 78, unaweza kuicheza kwa 45 kisha kuongeza kasi kwenye kompyuta kwa kuzidisha 1.733. Siyo njia bora, lakini kwa kujua tu kilichomo inakubali.

Soma lebo kabla ya kucheza. Santuri za aina hiyo zilizobaki majumbani zinaweza kuwa taarabu ya enzi za Siti binti Saad, ambaye alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, au dansi la mwanzo kabisa kama Cuban Marimba ya Salum Abdallah kutoka Morogoro, waliotoa kazi kwa nembo ya Mzuri ya Mombasa. Salum alifariki 1965, kwa hiyo chochote chenye sauti yake ni cha kabla ya hapo. Ukikuta moja ya hizo, usiicheze mara mbili mbili kwa kujifurahisha. Rekodi mara ya kwanza.

Zile 19 ndogo ni za 45. Tundu kubwa la katikati ni milimita 38, unahitaji kipande cha plastiki cha kulijazia. Hapo kuna faida iliyojificha: kama tundu lilitobolewa pembeni kidogo kiwandani, muziki unapanda na kushuka kila mzunguko. Toa kile kipande, weka santuri ikiwa huru, uisogeze kwa kidole mpaka mkono wa sindano uache kuyumba kushoto na kulia. Kwenye santuri ya tundu dogo huwezi kufanya hivyo.

Uzito wa sindano fuata maelekezo ya mtengenezaji, nyingi ni kati ya gramu 1.5 na 3. Ule mtindo wa kubandika sarafu juu ya kichwa ili isiruke uache. Haitaruka kweli, kwa sababu itakuwa inachimba. Santuri ikiruka mahali pale pale, iloweshe kidogo pale, tazama kwa kioo cha kukuzia, mara nyingi ni punje ya uchafu iliyoganda.

Nyimbo nyingi za dansi kwenye 45 zimegawanywa, upande A sehemu ya kwanza, upande B sehemu ya pili. Upande mmoja unabeba dakika nne au tano tu, na wimbo wa dansi bila chemko, ile sehemu ya mwisho ya magitaa na wapulizaji, haujaisha. Upande A unazimishwa taratibu, upande B unaibuka taratibu, na mara nyingi kuna sekunde chache zinazojirudia. Ukitaka kuunganisha, tafuta pigo lile lile la drams pande zote mbili, ukate hapo. Lakini zile pande mbili zihifadhi kama zilivyo. Iliyounganishwa iwe faili la tatu.

Na piga picha lebo zote mbili, pamoja na namba zilizochorwa kwenye eneo tupu kati ya muziki na lebo. Lebo zilichanganywa viwandani, zile namba hazikuchanganywa kirahisi.

MsondoHalisi

Nimekuja kwa sababu ya hofu ya mleta mada ya kutolewa roho. Hofu ya haki kabisa.

Ukitaka kujua bendi usianze na sauti ya mwimbaji. Hilo ndilo kosa la kwanza la vijana humu. Muhiddin Gurumo alikuwa NUTA Jazz, akawa mmoja wa waanzilishi wa Mlimani Park mwaka 1978, akaenda kuanzisha International Orchestra Safari Sound mwaka 1985, kisha akarudi kule kule Msondo. Sauti moja, bendi tatu. Hata ala haitoshi: Michael Enoch alikuwa mpiga solo wa Dar es Salaam Jazz, ukija Mlimani Park unamkuta anapuliza mdomo wa bata, yaani saksafoni.

Sikiliza chemko. Mwimbaji akishamaliza beti na kiitikio, magitaa yakianza kujibizana na wapulizaji wakiingia, kuna mtu lazima atataja mtindo. Ule ndio muhuri wa bendi. Msondo ni NUTA, baadaye Juwata, baadaye OTTU. Sikinde ni Mlimani Park. Ndekule ni International Orchestra Safari Sound, na Dukuduku ni Orchestra Safari Sound ya Ndala Kasheba. Hizi mbili msizichanganye kwa sababu ya jina. Saboso ni Western Jazz. Segere Matata ni Tabora Jazz. Afrosa ni Afro 70 ya Patrick Balisidya. Super Bomboka ni Dar International ya Marijani Rajabu. Kamanyola na Ogelea Piga Mbizi ni Maquis. Pambamoto ni Vijana Jazz, Vangavanga ni Polisi Jazz, Magnet Tingisha ni Bima Lee. Kwa Mbaraka Mwinshehe angalia: Likembe ni Morogoro Jazz, lakini ukisikia Masika ujue ni Super Volcano, bendi aliyoianzisha baada ya kutoka Morogoro Jazz mwaka 1973. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Januari 1979, karibu na Mombasa.

Mtindo unakusaidia na mwaka pia, kwa sababu bendi zilibadilisha mitindo kama nguo. Ila usitegemee huo tu. Jina la mwenye bendi ni tarehe: NUTA ilikuwa chama cha wafanyakazi tangu 1964, mwishoni mwa miaka ya 70 ikawa Juwata, na mwaka 1991 ikawa OTTU. Mlimani Park walianza chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 wakachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam; mtangazaji akisema "DDC Mlimani Park" uko 1983 au baadaye. Maneno ya wimbo nayo yanasema. Wimbo unaosifu TANU kwa kawaida ni wa kabla ya Februari 1977, maana CCM ilizaliwa tarehe 5 mwezi huo. Nyimbo za vita ya Kagera ni za 1978 na 1979. Mtangazaji akisema Radio Tanzania, kipindi hicho hakiwezi kuwa cha kabla ya 1965.

Hiyo kaseti ya "Msondo na mchanganyiko" ndiyo ningeanza nayo.

DJ_Kibao

Maelezo ni mazuri ila mnamchosha mwenzenu. Programu ya Audacity ni ya bure, ina kitufe cha kupunguza kelele. Rekodi, chagua kelele, weka kiwango cha juu, kata sauti za watangazaji, ongeza besi, muziki unatoka kama wa leo. Kazi ya kaseti moja dakika kumi.

FundiKaseti

Kaseti ya saa moja inachukua saa moja kurekodi, mkuu, hiyo dakika kumi sijui umeipata wapi. Sanduku la kaseti 60 ni saa 60 za kusikiliza, bado kuunga na kulinganisha hedi.

Kuhusu kelele: kelele ya utepe na sauti ya kayamba zinaishi eneo moja la masafa. Ukiipunguza kwa 20 dB unaondoa vyote viwili, na sauti inayobaki inabubujika kama mtu anayeongea ndani ya pipa la maji. Chukua sekunde moja au mbili za utepe mtupu kabla wimbo haujaanza iwe mfano, punguza 6, mwisho 9 dB, na ufanye kwenye nakala. WAV ya kwanza haiguswi kamwe.

Kuongeza besi ndiyo kabisa usifanye. Bendi ziliingia studio ya RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, zikapiga kwa pamoja, moja kwa moja, maiki chache, mono. Wapulizaji wakizidi kwenye chemko, basi walizidi, hakuna mtu wa kuwashusha baadaye. Besi ukiiongeza inameza gitaa la rithim, na dansi bila rithim ni nini sasa?

MsondoHalisi

Na kukata sauti za watangazaji ni kukata vitambulisho. Mtangazaji ndiye anayetaja bendi, mtunzi, wakati mwingine na siku. Kaseti ya redioni thamani yake iko hapo hapo. Mara nyingi wimbo wa RTD si ule uliochapwa Nairobi kwenye santuri. Ni bendi ile ile, wimbo ule ule, lakini wamepiga siku nyingine, solo tofauti, hata beti moja zaidi kwa sababu redioni hawakubanwa na dakika nne za santuri. Mleta mada, ukikuta wimbo huo huo uko kwenye kaseti na kwenye 45, usitupe mmoja kwa kudhani ni nakala.

GitaaKavu

Nashukuru wakuu. Vijilango vyote nimevunja. Deki imepatikana, mikanda ilikuwa lami kama ulivyosema, imebadilishwa.

Tatizo jipya: kaseti namba 7 waimbaji wote wanasikika kama watoto, mwendo wa haraka. Lakini namba 8 kwenye deki hiyo hiyo iko sawa. Nirekebishe kwa kubahatisha sikio?

FundiKaseti

Hapana, usibahatishe. Mashine iliyorekodi namba 7 ilizunguka polepole, huenda kwa sababu ya betri zilizochoka. Ukicheza kwa mwendo sahihi, muziki unakwenda mbio.

Kama redio ile ilikuwa imechomekwa kwenye umeme, una bahati: mvumo wa umeme wa Hz 50 umeingia kwenye utepe. Chagua sehemu ya kimya, fungua uchambuzi wa masafa kwenye Audacity, ukubwa weka 65536, maana ukiweka mdogo hutaona tofauti ya Hz moja. Tafuta kilele karibu na 50. Ukikikuta kwenye 53, kaseti inakwenda kasi kwa asilimia 6, ambayo ni kama nusu tone. Gawanya 50 kwa 53 unapata 0.943, weka hiyo kwenye kubadilisha kasi. Kasi, siyo tempo peke yake wala kimo cha sauti peke yake, maana vyote viwili viliharibika pamoja.

Mtego upo: deki yako na laptop nazo zina mvumo wao, na huo uko 50 kamili. Utaona vilele viwili. Kilicho 50 kamili ni chako, kile kilichosogea ndicho cha zamani. Chomoa chaja ya laptop unaporekodi, kile chako kinapungua.

Na kama ilikuwa ni betri zilizochoka, basi hakuna mvumo kabisa, si ndiyo? Hapo tumia ala. Bendi yenye tarumbeta na saksafoni ililazimika kutune magitaa kufuata wapulizaji, kwa hiyo iko karibu na kimo cha kawaida. Tafuta noti ya A ya gitaa, inapaswa kuwa Hz 110 au 220. Pima mwanzo wa upande na mwisho wake, kwa sababu betri zinazokufa hazifi kwa mkupuo. Upande huo huo unaweza kuanza na kosa la asilimia 3 ukaishia na 7. Gawanya wimbo kwa wimbo.

GitaaKavu

Ni betri kweli, hakuna kilele chochote. Na hakuna wapulizaji. Ni magitaa matupu, besi imetangulia mbele kama ndiyo inayoimba, drams nyepesi, Kiswahili safi. Hapa nakwama mara mbili: kasi siijui na bendi siijui. Simba Wanyika au Les Wanyika?

MsondoHalisi

Uwezekano mkubwa ni Les Wanyika, lakini tuthibitishe. Simba Wanyika ya ndugu Wilson na George Peter Kinyonga mara nyingi ina saksafoni ndani. Novemba 1978 kundi zima lilijitoa kwao, akiwemo Omar Shabani wa rithim, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa drams, wakaungana na John Ngereza, ikawa Les Wanyika. Kwa hiyo rithim, besi na drams unazozisikia kwenye Simba Wanyika ya kabla ya hapo ndizo hizo hizo za Les Wanyika ya baadaye, ndiyo maana watu wanachanganya. Tofauti ni ukavu: Les Wanyika mara nyingi hawana mdomo wa bata wa kujaza nafasi, besi ya Malanga inajibizana na solo, na rithim ya Shabani haiachi hata pigo moja, inarudia mchoro ule ule mpaka mwisho. Na kuna Super Wanyika ya Issa Juma, naye alikuwa Les Wanyika mwanzoni, kwa hiyo sauti yake ikisikika bado hujafika.

Kasi itapatikana kwa njia hiyo hiyo. Moja ya santuri zako 19 ikiwa ya Les Wanyika, linganisha: kama wimbo ni ule ule, pima noti ya mwanzo ya besi kwenye santuri na kwenye kaseti, gawanya, umemaliza.

Sindano78

Ila hakikisha kwanza mashine ya santuri inazunguka 45 kamili. Bandika kipande cha karatasi ukingoni, hesabu mizunguko kwa dakika mbili, iwe 90. Ikiwa 92 unahamisha kosa kutoka mashine moja kwenda nyingine.

GitaaKavu

Nimehesabu, 90. Kwenye zile 19 iko moja ya Les Wanyika, sehemu ya kwanza na ya pili. Besi inaanza na noti ile ile, kaseti iko juu kwa asilimia 5. Ila kwenye kaseti kuna ubeti mmoja zaidi kabla ya chemko ambao santuri haina.

MsondoHalisi

Huo ubeti andika maneno yake yote uweke hapa, na sekunde unazoanzia na kuishia.